Stima Ikipotea Mwezini Utado? Hii Ndiyo Injini Inapangwa Kuwasha Taa Huko Juu

Unakumbuka Ijumaa ya tarehe 25 Agosti 2023? Usiku huo stima ilipotea karibu Kenya nzima. Hata JKIA ilibaki giza, video zikazunguka mtandaoni, watu wakakaa nje ya nyumba wakiulizana kama na kwa jirani imepotea. Asubuhi kuna mitaa bado walikuwa wanangoja. Usiku mmoja tu, na kila msee alikuwa ameshika simu yenye asilimia tatu akiomba Mungu.

Sasa cheki hii. Wiki hiyo hiyo, siku mbili kabla, India ilikuwa imeshusha chombo chake Vikram karibu na ncha ya kusini ya Mwezi. Hakuna nchi ilikuwa imewahi kutua upande ule. Sherehe ilikuwa kubwa, na wasee wa Bengaluru walikuwa na haki ya kuringa. Siku kumi na kitu baadaye jua likazama Mwezini. Vikram na roboti yake ndogo, Pragyan, walikuwa wanakula sola. Wakalazwa. Betri ya Pragyan ilikuwa imejaa na paneli yake ikaachwa ikiangalia mahali jua litatokea, wahandisi wakitumaini ataamka.

Hajaamka mpaka leo.

Ngori ya Mwezi ni kwamba usiku wake si kama wako. Jua likizama huko linarudi baada ya kama siku 14 za hapa kwetu. Wiki mbili giza. Na si giza tu, baridi inashuka chini ya nyuzi -170 za selsiasi, na kwa yale mashimo ya kusini ambayo hayajawahi kuona jua inapita -200. Betri ya kawaida kwa baridi kama hiyo ni kama betri ya simu yako uliyoisahau kwa friza. Kwa hivyo ukiskia Marekani, China, Urusi na India wanasema watajenga kambi Mwezini, wasee walale huko, wapike, wachimbe barafu, swali la kwanza unafaa kuuliza si roketi. Roketi ziko. Uliza hivi: usiku ukiingia, stima itatoka wapi?

Piga hesabu na mimi kidogo. NASA ilipokuwa inapanga kambi ndogo ya kuanzia, ilisema inataka mtambo wa kilowati 40. Hizo zinatosha kama nyumba 30 za Marekani (kwa ploti za Kayole zingetosha nyumba nyingi zaidi, lakini tusiingie huko). Kilowati 40 mara masaa 336 ya usiku mmoja wa Mwezi ni zaidi ya yuniti 13,400. Ukitaka kuziweka zote kwa betri za lithiamu kama zile za gari za umeme, ambazo kilo moja inabeba kama wati-saa 200, utahitaji betri za tani 67. Kile chombo cha Apollo kilichowashusha Neil Armstrong na Buzz Aldrin mwaka wa 1969 kilikuwa na uzito wa kama tani 15 kikiwa kimejaa mafuta. Yaani ungebeba mzigo wa zaidi ya vyombo vinne kama hicho, betri tupu, hata chakula hujaweka.

Mars nayo ina shida yake. Usiku wake ni mfupi, karibu sawa na wetu, lakini kuna vumbi. Roboti ya Opportunity ilipigana huko tangu 2004, halafu dhoruba ya vumbi ya 2018 ikafunika jua, sola ikakosa kazi, na mwezi wa Juni mwaka huo ikanyamaza. InSight nayo iliishiwa nguvu Desemba 2022, paneli zikiwa zimejaa vumbi na hakuna mtu wa kuzipanguza. Kitambaa tu na maji kidogo, manze, vingeiokoa.

Ndio maana wahandisi wanarudi kila mara kwa jibu moja ambalo watu wengi hawapendi kulisikia: nyuklia. Lakini nyuklia peke yake si stima. Kinu cha nyuklia kinatoa kitu kimoja tu, nacho ni joto. Kazi ngumu ni kugeuza hilo joto kuwa stima, na hapo ndipo injini ya ndege inaingia kwa hii stori.

Injini ya ndege, lakini haiendi mahali

Ukipanda ndege, hata kabla ianze kutembea, unaskia mlio fulani mkali unatoka nyuma kwa mkia. Hiyo si injini kubwa za mabawa. Ni injini ndogo ya jeti iliyofichwa kwa mkia, na kazi yake ni kutoa stima na hewa ndege ikiwa imesimama. Haisukumi chochote. Ni jenereta. Injini kama hiyo inaitwa tabaini ya gesi, na Kenya tuko nazo kubwa kubwa pia. Mitambo ya KenGen ya Muhoroni ni tabaini za gesi, na zilikuwa Embakasi kabla ya kuhamishwa.

Usichanganyikiwe na hilo neno gesi. Si ile ya mtungi wa kupikia. Muhoroni inachoma mafuta. Gesi hapa ni hewa moto inayozungusha mapanga ya tabaini. Olkaria wanazungusha mapanga yao na mvuke unaotoka chini ya ardhi, Masinga wanazungusha na maji, hawa wanazungusha na hewa iliyopashwa joto. Hiyo tu ndiyo tofauti.

Inafanya kazi hivi. Upande wa mbele kuna kompresa, inavuta hewa na kuikandamiza. Katikati unaongeza joto, hewa inataka kupanuka. Upande wa nyuma kuna tabaini, hewa inapita kwa kasi na kuizungusha. Kompresa na tabaini zimefungwa kwa shafti moja, kwa hivyo tabaini ndiyo inazungusha kompresa, na nguvu inayobaki ndiyo unauzia jenereta. Ukiwa na shemeji mwenye Subaru ya turbo, tayari anaijua hii kitu. Turbo ni kompresa na tabaini kwa shafti moja, ila pale tabaini inakula moshi wa injini.

Utamu na uchungu wote uko kwa hayo maneno "nguvu inayobaki". Mwaka wa 1939, mji wa Neuchâtel kule Uswisi ulipata tabaini ya gesi ya kwanza duniani kufanya kazi ya kuzalisha stima ya umma. Tabaini yake ilikuwa inatoa kama kilowati 15,400. Kompresa ikachukua 11,400 peke yake. Zikabaki 4,000 za kuwapa watu. Ni kama kufungua kibanda na mbia ambaye kila jioni anachukua robo tatu ya mauzo kabla hujahesabu faida. Na bado ililipa, ilifanya kazi mpaka 2002. Leo mitambo ni bora zaidi, lakini mbia bado yuko, na utaona venye anarudi kusumbua huko Mwezini.

Shida ya kwanza: Mwezini hakuna hewa ya kuvuta

Tabaini ya Muhoroni inavuta hewa ya bure, inachoma mafuta ndani yake, inatupa moshi. Mwezini huwezi. Hakuna hewa ya kuvuta na hakuna oksijeni ya kuchomea. Mars kuna hewa kidogo, lakini ni nyepesi sana, haifiki hata asilimia moja ya mgandamizo wa hapa, na karibu yote ni kaboni dayoksaidi. Ukiwasha kiberiti huko hakishiki.

Jibu ni kufunga injini kabisa. Hakuna kuvuta, hakuna kutupa. Unaweka gesi yako ndani ya mifereji, unaifunga, na inazunguka hiyo hiyo miaka yote. Wahandisi wanaiita mzunguko wa Brayton uliofungwa, jina la Mmarekani George Brayton aliyetengeneza injini za aina hii miaka ya 1870.

Ifikirie kama mat iko kwa ruti ya kuzunguka. Abiria ni joto. Stage ya kwanza ni kinu cha nyuklia, hapo mat inajaza mpaka mlangoni. Stage ya pili ni tabaini, abiria kadhaa wanashuka na kufanya kazi ya kuzungusha shafti. Stage ya tatu ni kifaa cha kurudisha joto, na hiki ni kijanja kweli: gesi inayotoka kwa tabaini bado ina moto mwingi, kwa hivyo inapitishwa kando ya gesi baridi inayoelekea kwa kinu, na inaipatia hilo joto badala ya kulitupa. Bila hii stage faida inapungua vibaya. Ya mwisho ni redieta, hapo waliobaki wote wanateremshwa kwa nguvu, gesi inapoa, inaingia kwa kompresa, na ruti inaanza tena.

Kwa nini wateremshwe wote? Ju ya yule mbia. Kukandamiza gesi moto kunakula nguvu nyingi kuliko kukandamiza gesi baridi. Ukiacha gesi ifike kwa kompresa ikiwa bado moto, kompresa itakula mpaka ile robo yako.

Na gesi gani unaweka? Hapa kuna ka-siri napenda sana. Heliamu ndiyo bingwa wa kubeba joto, na haiozeshi chuma ju haishikani na kitu chochote. Lakini ni nyepesi mno, kompresa inaikandamiza kwa shida, utahitaji safu baada ya safu ya mapanga. Zenoni nayo ni nzito, kompresa inaipenda, lakini kwa kubeba joto ni mvivu. Kwa hivyo wanazichanganya: karibu robo tatu heliamu, robo na kitu zenoni kwa hesabu ya chembe. Unapata gesi yenye uzito kama wa agoni lakini inayobeba joto vizuri kuliko agoni yenyewe. Zote mbili ni gesi zisizoshikana na chochote, kwa hivyo hata mfereji ukiwa na nyuzi 800 hautapata kutu.

Ukiskia hivi unaweza kudhani ni ndoto za jana. Zi. Kule Cleveland, Ohio, kwa kituo cha NASA kilichokuwa kinaitwa Lewis, walikuwa na injini ya aina hii tangu miaka ya 1960. Ilikuwa ya ukubwa wa kilowati 10, ikitumia huo huo mchanganyiko wa heliamu na zenoni, gesi ikiingia kwa tabaini na nyuzi kama 870. Shafti yake ilizunguka mara 36,000 kwa dakika. Subaru ya shemeji ikifika 7,000 anatoa mguu. Na haikuwa na oili hata tone. Shafti ilielea juu ya utando mwembamba wa gesi hiyo hiyo, kwa hivyo chuma hakigusani na chuma ikishika kasi. Hakuna oili ya kubadilisha, na hakuna oili ya kuvuja na kuchafua gesi. Walizipima kwa jumla zaidi ya masaa 30,000. Makanika yeyote wa Grogan atakuambia injini ikienda masaa kama hayo bila kufunguliwa, hiyo ni injini.

Miaka ya 1990, Cleveland hapo hapo, walijaribu nyingine ya kilowati 2 ambayo haikutumia nyuklia kabisa. Ilitumia kioo kikubwa kukusanya mwanga kama wa jua na kuchemsha gesi. Ilifanya kazi. Halafu kukawa na mradi wa kutuma chombo kwenda miezi ya Jupiter, na chombo hicho kilikuwa kimepangiwa kinu cha nyuklia pamoja na tabaini hizi, kilowati kama 200. Mwaka wa 2005 mradi ukazimwa, gharama ilikuwa imepanda sana.

Kwa hivyo hii ndiyo hali: miaka zaidi ya hamsini ya majaribio mazuri, na hakuna hata tabaini moja kama hii imewahi kuzalisha stima nje ya dunia. Zote zimeishia kwa maabara. Kile kilichopanda juu ni vifaa vidogo visivyo na kitu kinachozunguka. Roboti ya Curiosity kule Mars inabeba plutoniamu inayotoa joto la wati kama 2,000, na kwa hizo inapata stima ya wati 110 ilipokuwa mpya. Nyingine zote zinapotea. Kwa roboti inayotembea polepole hiyo ni sawa. Kwa binadamu wanne wanaotaka kuoga, hapana. Mwaka wa 2018, kule Nevada, Wamarekani walijaribu kinu kidogo kilichounganishwa na injini za pistoni za Stirling, na ikaenda fiti, lakini hizo zinapendeza kwa kilowati moja mpaka kumi. Ukitaka mia na kupanda, tabaini ndiyo inaanza kushinda, ju ukiongeza nguvu mara kumi uzito wake hauongezeki mara kumi.

Redieta kubwa kuliko nyumba

Sasa tufike kwa kitu ambacho filamu za angani huwa zinaruka kabisa. Kila mtu anauliza utapata joto wapi. Mtaalamu anauliza utalitupa wapi.

Hapa duniani kutupa joto ni bure. Gari yako ina redieta ndogo mbele, upepo unapita, maji yanapoa. Mtambo wa stima uko kando ya mto ama bahari. Mwezini hakuna upepo na hakuna mto. Joto linaweza kuondoka kwa njia moja tu: kung'aa. Kama vile unavyosikia joto la jiko la makaa usoni hata kama hujaligusa na hakuna upepo. Kila kitu chenye joto kinang'aa hivyo, lakini kikiwa hakina moto sana kinang'aa polepole.

Twende kwa hesabu tena, pole. Sema unataka kilowati 100 za stima, na mtambo wako unageuza robo ya joto kuwa stima. Basi kinu kitatoa kilowati 400 za joto, na 300 lazima zitupwe, mchana na usiku, bila kupumzika. Bamba la redieta lenye nyuzi 127 linang'arisha kama wati 1,300 kwa kila mita mraba ya uso wake. Gawanya, unapata mita mraba 230. Hiyo ni kubwa kidogo kuliko nusu ya kiwanja cha basketboli. Ukilisimamisha ling'ae pande zote mbili unahitaji bamba la nusu hiyo, na kwa vyovyote lazima ulisimamishe, kwa sababu mchana ardhi ya Mwezi inafika nyuzi 120 na yenyewe inakung'aria joto. Redieta iliyolala chini hapo ni kama kuanika nguo juu ya jiko.

Unaweza kusema, basi pandisha joto la redieta. Uko sawa, na tofauti ni kubwa kuliko unavyodhani. Ukitoka nyuzi 127 hadi 227, bamba linapungua mpaka chini ya nusu. Lakini kumbuka mbia. Redieta ikiwa na moto, gesi inafika kwa kompresa ikiwa na moto, kompresa inakula zaidi, robo yako inakuwa moja ya tano, na sasa una joto zaidi la kutupa. Ukishusha joto mtambo unafurahi, lakini redieta inakuwa kubwa na nzito mpaka roketi inakataa. Kazi nyingi ya kubuni hii mitambo iko hapo, kuvutana kati ya kompresa na redieta, gramu kwa gramu. Mtu akikuonyesha picha ya kambi ya Mwezini yenye kinu kidogo kizuri na hakuna mabawa makubwa ya redieta kando yake, huyo ni mchoraji tu.

Hiyo redieta pia ndiyo mahali pa kuumia. Ni pana, ni nyembamba, na Mwezi hauna hewa ya kuchoma vimawe vinavyotoka angani. Kimoja kikitoboa mfereji wa gesi, gesi inaondoka na haina pa kununuliwa. Ndio maana mipango mingi inaweka mitambo miwili ama zaidi kwa kinu kimoja, na kuigawanya redieta vipande vipande, ili kimoja kikidedi kambi ibaki na nusu ya stima badala ya sufuri.

Na ikianguka je?

Hili swali si la ushamba, usikubali mtu akucheke. Tarehe 21 Aprili 1964, Wamarekani walirusha setilaiti iliyobeba betri ya plutoniamu. Haikufika kwa obiti. Ilichomeka ikirudi, na plutoniamu kama kilo moja ikasambaa angani juu ya Bahari ya Hindi, upande wa Madagascar. Hapo si mbali na Mombasa. Baada ya hiyo, Wamarekani wakabadilisha muundo ili mafuta yafike chini bila kuvunjika. Halafu Januari 1978 setilaiti ya Wasovieti, Kosmos 954, ikaanguka kaskazini mwa Canada na kinu chake cha nyuklia, ikamwaga vipande vyenye mionzi kwa eneo kubwa sana. Canada ilidai dola milioni 6, ikalipwa milioni 3.

Utetezi wa wahandisi wa leo ni huu: kinu cha uraniamu ambacho hakijawahi kuwashwa si hatari kama kilichowashwa. Uraniamu mbichi ina mionzi kidogo. Ile sumu kali inazaliwa kinu kikianza kazi. Kwa hivyo kinapanda kikiwa kimezimwa, na kinawashwa kikiwa kimefika. Huo utetezi una maana. Tofauti na Kosmos ni kwamba ile ilikuwa imeshafanya kazi na bado ikizunguka juu ya vichwa vya watu. Kikiwa Mwezini unakiweka mbali na nyumba, kama kilomita moja, ama unakifukia kwa udongo wa huko ukinge mionzi, na unavuta waya. Mimi bado ningetaka kuona mpango wa siku roketi inalipuka kwa uzinduzi, na kujua ni bahari ya nani iko chini ya hiyo njia.

Ju haraka imeanza. Agosti 2025, Sean Duffy, aliyekuwa anashikilia usukani wa NASA huku akiwa Waziri wa Uchukuzi wa Marekani, alitoa agizo: kinu cha angalau kilowati 100, kiwe tayari kurushwa kufikia 2030. Na hakuacha injini iwe swali, aliandika kabisa iwe ni mzunguko wa Brayton uliofungwa. Hiyo tabaini yetu. China na Urusi nao wamekubaliana kujenga kinu chao Mwezini katikati ya miaka ya 2030. Agizo la Duffy lilisema waziwazi hofu yake: atakayetangulia anaweza kutangaza eneo la wengine kutokaribia.

Hapo ndipo inakuhusu hata wewe uliye Rongai. Mkataba wa anga wa 1967 unasema Mwezi si wa nchi yoyote. Lakini kinu cha nyuklia ni kisingizio kizuri sana cha kuweka fensi: "Usikaribie, ni kwa usalama wako." Na fensi hiyo haitawekwa mahali popote. Itawekwa kusini, penye barafu ndani ya mashimo na vilima vichache vinavyopata jua karibu mwaka mzima. Hizo ploti si nyingi. Rwanda na Nigeria ndizo zilikuwa za kwanza Afrika kusaini makubaliano ya Artemis ya Marekani, Desemba 2022. Wengine wako upande wa China. Ukijua venye ploti za Nairobi zinaendaga, unajua anayeweka fensi kwanza ana nguvu gani hata kabla ya kesi.

Je, 2030 itawezekana? Mimi naona ni ngumu. Tabaini iko, gesi iko, redieta inajulikana. Lakini kinu kipya, chombo cha kushusha tani kadhaa, na majaribio ya kuunganisha vyote, kwa miaka mitano? Wasee wamekaa na hii injini kwa maabara tangu babu yako akiwa kijana.

Kuhusu Mars, kuna wanaouliza kama badala ya nyuklia hatungeweza kutengeneza mafuta huko huko na kuyachoma kwa tabaini ya kawaida. Unaweza, kama akiba. Kifaa cha MOXIE kilichopanda na roboti ya Perseverance kilitoa oksijeni kutoka kwa hewa ya Mars mara 16 kati ya 2021 na 2023. Jumla yake? Gramu 122. Roketi ya kuwarudisha wanaanga wanne kutoka Mars itahitaji oksijeni tani 25 na mafuta tani 7. Na kutengeneza hizo kunakula stima nyingi kuliko utakayorudishiwa ukizichoma. Kwa hivyo unarudi pale pale, unahitaji kinu kwanza.

Na kuna jambo moja la mwisho ambalo kila mtu mwenye jenereta ya kuvuta kamba atalielewa. Tabaini iliyosimama haiwezi kujiwasha. Kinu kinaweza kuwa na moto wote, lakini kama kompresa haizunguki, gesi imesimama na hakuna kinachotokea. Lazima kitu kianze kuizungusha. Kwa hii mitambo, jenereta yenyewe inafanya hiyo kazi kwa kugeuzwa kuwa mota: inalishwa stima kutoka kwa betri, inazungusha shafti mpaka gesi ianze kupita vizuri na tabaini ishike yenyewe, halafu inarudi kuwa jenereta. Kwa hivyo hata na nyuklia yote hiyo, pale kando kutakuwa na betri, imefunikwa isipate baridi, na haitaruhusiwa kutumiwa kwa kitu kingine chochote. Tabaini ikizima katikati ya zile siku 14 na hiyo betri ikute imekauka, hakuna kamba ya kuvuta.